Arceneaux Alimrushia Nani?

Ferris Szabo alikuwa mtu wa kuulizwa. Kijana yeyote mwenye mkono mzuri aliyetoka chuoni akitaka kuchezea timu yetu ya Toledo, katika mchezo huu wetu wa mpira wenye umbo la yai, ilimbidi apite kwanza mbele ya macho yake. Kazi ya Szabo ilikuwa moja tu: warushaji. Mrushaji ndiye anayepewa mpira kila shambulizi linapoanza, na ana muda wa kupepesa macho mara mbili tatu kabla majitu ya upande wa pili hayajamfikia na kumlaza chini. Katika muda huo amtafute mwenzake anayekimbia mbele, autume mpira, nao uangukie mikononi mwa mwenzake na si mwa adui. Timu yenye mrushaji mzuri inalala usingizi mnono. Isiyo naye inafukuza makocha.

Szabo alikuwa akimtazama kijana akirusha kidogo, anajikuna kidevu, kisha anatoa hukumu. "Huyu anaweza." Au, "Huyu mpelekeni akauze magari." Hakuwa akieleza sana. Camille Haddad, meneja mkuu wa timu, mwanamke ambaye wanaume wakubwa walikuwa wakivua kofia wakimwona anakuja, alikuwa akilikubali neno lake bila kulipima mara ya pili.

Mwaka huo mrushaji wetu wa siku nyingi alistaafu, bega likiwa limemsaliti. Wa akiba tulikuwa naye, mzee mvumilivu asiyetaka makuu, ila naye asingeweza kubeba msimu mzima. Basi wakaletwa vijana wawili, na ikajulikana wazi kwamba mmoja atabaki na mwingine atafungasha.

Wa kwanza aliitwa Brody Haugen, mtoto wa wakulima wa viazisukari kutoka Dakota Kaskazini. Mrefu, mpole, maneno yake machache kama mvua za kiangazi. Ukimwambia weka mguu hapa, anauweka hapo hapo hadi umwambie autoe. Hakukosea na hakushangaza.

Wa pili alikuwa Javonte Arceneaux wa mji wa Ziwa Charles, Louisiana. Mwembamba, mcheshi, anayetembea kama mtu anayesikia muziki ambao wewe huusikii. Katika video zake za chuoni kulikuwa na tukio moja ambalo Szabo alilirudia mpaka mkewe akauliza kama ameoa tena: Arceneaux ameshikwa mguu na mlinzi wa timu pinzani, anaanguka, na huku akianguka anautuma mpira juu ya vichwa vya watu watatu hadi kifuani mwa mwenzake. "Huyu," Szabo alimwambia Bi. Haddad, "chukua kabla wengine hawajaamka." Siku ya timu zote kuchagua vijana kwa zamu ilipofika, Bi. Haddad akamchukua mapema kuliko walivyotarajia watu.

Kambi ilifunguliwa Julai, katika joto lile la kwetu linalopanda kutoka ziwani na kukugandama kama shati lililolowa. Asubuhi ya kwanza vijana walirusha bila upinzani. Haugen alirusha vizuri. Arceneaux aliporusha, wazee wa benchi waliacha kuongea.

Mchana timu ikagawanywa. Washambuliaji walivaa jezi za mazoezi za damu ya mzee, rangi yetu ya siku zote. Walinzi walivaa za kijani kilichokolea. Arceneaux akapewa mpira, akarudi nyuma hatua chache, akatulia, akatazama, akarusha. Mpira ulikwenda umenyooka kama uzi, ukatua kifuani mwa mlinzi aliyesimama peke yake pembeni, ambaye hakuwa hata amejiandaa. Alishtuka kama mtu aliyepewa zawadi na mgeni njiani.

"Dogo!" alipiga kelele Marquel Tibbs, mpokeaji wetu mkongwe, mikono juu, upande wa pili kabisa wa uwanja. "Mimi niko huku! Yule hata jina langu halijui!"

Watu wakacheka. Arceneaux naye akacheka, lakini macho yake hayakucheka. Szabo alimwita kando.

"Ulimlenga nani?"

"Tibbs, Kocha."

"Tibbs alikuwa kushoto."

"Nilidhani yule ndiye."

Szabo alijikuna kidevu. Alikuwa ameona makosa ya kila aina: mpira uliokwenda juu kwa woga, uliokwenda chini kwa uvivu, uliochelewa kwa mashaka. Yote hayo yana sura zake. Huu haukuwa na sura ya kosa. Ulikuwa mpira bora wa siku nzima, uliofika salama kwa mtu asiyehusika.

Kesho yake ukafika mwingine, na keshokutwa miwili. Kisha Jumamosi ikaja mechi ya kirafiki hapa nyumbani, wageni wakiwa wamevaa nyeupe, na Arceneaux akacheza kama aliyezaliwa kwa ajili ya siku ile. Mji ulichanganyikiwa kwa furaha. Jumatatu, mazoezini, akamrushia tena mlinzi, safari hii yule mnene zaidi kuliko wote, asiyefanana na mpokeaji yeyote duniani.

"Unampenda sana yule," Tibbs akamwambia. "Siku nyingine mpelekee na maua."

Szabo alianza kutafuta. Alimrekebisha miguu, kisha bega, kisha namna ya kushika mpira. Akamuuliza kama analala vizuri. Analala. Kama ana msichana anayemsumbua. Anaye, lakini hamsumbui. Kama nyumbani kuna msiba, deni, ugomvi. Hakuna. Akampeleka kwa daktari wa macho wa timu, naye akamsomesha herufi za ukutani hadi zile ndogo ambazo daktari mwenyewe huzisoma kwa kukumbuka. "Huyu anaona kama mwewe," akasema daktari. Szabo alirudi uwanjani akiwa hajui zaidi ya alichojua alipoondoka.

Wakati huo Haugen alikuwa akirusha kwa mtu wake, na mtu wake akiudaka, na hakuna aliyekuwa akimtazama.

Bi. Haddad alimwita Szabo ofisini. "Ferris, nipe neno. Ndiye au siye?"

"Jumamosi ndiye. Jumatatu siye."

"Sikukuajiri unisomee kalenda."

"Najua, bosi."

"Kwa hiyo?"

Szabo alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika ofisi ile neno halikutoka. Bi. Haddad alimtazama muda mrefu, si kwa hasira, bali kama unavyolitazama gari lako zuri siku lilipogoma kuwaka.

Jumapili iliyofuata Ilona, mke wa Szabo, alisema mletee huyo kijana ale, labda ni njaa ya chakula cha mama. Ndivyo walivyo Wahungari wa mashariki mwa Toledo, kila ugonjwa wanauanzia mezani. Akapika kabichi iliyoviringishwa nyama, akaweka mkate, na katikati ya meza akaweka bakuli la pilipili za siki alizozitengeneza mwenyewe.

"Chukua za kijani, mwanangu," alimwambia Arceneaux. "Nyekundu usiguse. Kali kama shetani, hizo ni za Ferris."

"Asante, mama," akasema Arceneaux, akachukua pilipili nyekundu, akaitia yote mdomoni.

Kilichofuata hakihitaji kuelezwa. Alikunywa maji, akanywa maziwa, akala mkate, machozi yakamtiririka. Szabo alicheka hadi akagonga meza. Ilona hakucheka.

"Si nimekwambia uchukue za kijani?"

"Ndizo nilizochukua, mama," akasema kijana kwa sauti iliyoungua.

Szabo aliacha kucheka. Kijana alikuwa bado akivuta pumzi kwa meno. Ilona aliinuka bila neno, akaleta vitambaa viwili vya jikoni, kimoja cha damu ya mzee na kimoja cha kijani, akavilaza mbele yake.

"Kipi kijani?"

Arceneaux alivitazama. Akamtazama Ilona usoni, kama mwanafunzi anayetafuta jibu kwenye nyusi za mwalimu. Kisha akashusha pumzi. "Sijui, mama. Kwangu vyote ni kama udongo."

"Toka lini?" Szabo aliuliza.

"Toka nizaliwe, nadhani. Nyumbani mama alikuwa akinipangia nguo."

"Na hukusema!"

"Kocha, daktari wenu aliniuliza goti, bega, kichwa, na herufi. Rangi hakuniuliza mtu. Chuoni mazoezini tulivaa bluu na nyeupe, sikuwahi kupata taabu. Hapa mara ninamwona Tibbs, nikirusha anageuka mtu mwingine. Nikadhani ni woga. Nikadhani ndivyo ligi kubwa ilivyo." Alipangusa macho. "Kusema kweli, nilianza kufikiri nina wazimu."

"Mimi pia," akasema Szabo, na alikuwa akisema juu yake mwenyewe.

Alfajiri ya Jumatatu Szabo aliwahi uwanjani kabla ya mtunza vifaa, akaamuru walinzi wavae nyeupe. Arceneaux alirusha asubuhi nzima na mchana mzima, na hakuna mlinzi aliyegusa kitu. Tibbs alimbeba mabegani. Szabo alikwenda kwa Bi. Haddad karibu akimbie, akamweleza mambo ya pilipili, na Bi. Haddad akacheka hadi akavua miwani.

"Basi ndiye?"

"Ndiye," akasema Szabo. Lile neno lilimtoka kwa raha, kama kuvua kiatu kilichobana.

Siku hiyo hiyo Haugen aliitwa akaambiwa afungashe. Szabo alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo akikunja vitu vyake vizuri, shati juu ya shati.

"Kocha," alisema Haugen, "nilikosea wapi? Nataka nijue nikarekebishe."

"Hukukosea popote."

"Basi?"

Szabo alitafuta la kumwambia. Angeweza kusema kwamba mwenzako ana kitu. Angeulizwa kitu gani, asingeweza kukitaja. Kijana alingoja kwa adabu, kama alivyongoja maelekezo yote ya kambini, na jibu lilipokosekana, akampa mkono, akabeba begi lake, akaenda. Szabo alibaki akiitazama ile nafasi tupu kwenye kabati, na ile raha ya ofisini ikaanza kumpungukia bila yeye kujua kwa nini.

Msimu ukafunguka. Mechi ya kwanza tulicheza na timu ya Omaha, wao nyeupe, sisi damu ya mzee, jua la Septemba, uwanja umejaa. Hapakuwa na sababu yoyote ya mtu kutomjua mwenzake. Na Arceneaux alicheza vibaya kuliko nilivyowahi kuona mtu akicheza katika uwanja ule. Sasa hakuwarushia watu wasiohusika. Aliwarushia wenzake, lakini kila mpira ulifika nyuma kidogo ya wakati, na pale ulipofika mlinzi alikuwa ameshatia mkono. Mashabiki walianza kwa kunung'unika, wakamaliza kwa kuimba jina la Haugen, ambaye hata hakuwemo mjini.

Szabo alisimama ukingoni mwa uwanja, mikono kichwani. Alikuwa ameutibu ugonjwa. Sasa hiki kilikuwa nini?

Kesho yake mchana aliketi na Arceneaux mbele ya video. Akasimamisha picha. "Hapa. Tibbs yuko wazi. Unamwona?"

"Namwona."

"Jana ulimwona?"

"Nilimwona, Kocha."

"Basi mbona hukurusha hapo hapo?"

Arceneaux alizungusha chupa ya maji mikononi. Hakuwa yule kijana wa kusikia muziki. "Nikikwambia utanicheka."

"Nimeshamaliza kucheka mwaka huu."

"Mimi tangu utoto simjui mtu kwa nguo. Namjua kwa mwendo. Binamu zangu wote niliwajua hivyo, tukicheza nyuma ya kanisa, vumbi tupu. Tibbs anakimbia kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Sikuhitaji kumtazama, nilikuwa namjua tu. Sasa mmenipa rangi. Rangi ni rahisi, kwa hiyo naisubiri. Nasema, ngoja nione kama ni nyeupe. Nikishaona, mlango umefungwa."

Szabo aliitikia kwa kichwa. Kisha akakunja uso. "Ngoja. Mwezi wa saba ulikuwa unawarushia walinzi. Mwendo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa bado sijawajua watu wa hapa."

"Na ile mechi ya kirafiki? Ulikuwa bado hujawajua, na wageni walivaa nyeupe, na uliwaua."

Arceneaux aliweka chupa chini. "Kweli," alisema polepole. "Hilo sijui, Kocha."

Wakatazamana, mkubwa na mdogo, wote wawili kama watu waliopotea njia na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenyeji. Maelezo ya kijana yalikuwa mazuri, lakini yalikuwa na tundu, na kila Szabo alipoliziba, lilifunguka lingine. Labda rangi ilikuwa kitu. Labda mwendo. Labda ni kijana tu aliyeacha kucheza akaanza kufikiri, na aliyemwanzisha kufikiri ni yeye Szabo, kwa maswali yake na madaktari wake.

Alifanya uamuzi asioweza kuutetea. Akawarudishia walinzi zile jezi za kijani mazoezini, ili kijana asiwe na rangi ya kusubiri.

"Unamrudishia ugonjwa?" Bi. Haddad alimuuliza kwa simu, sauti yake ikiwa juu.

"Huenda."

"Huenda ni nini, Ferris? Una uhakika?"

"Sina, bosi. Kama unataka kunifukuza, subiri wiki mbili."

Siku za kwanza zilikuwa aibu tupu. Walinzi walidaka mipira kama watu wanaochuma matunda. "Nitajifunga kengele shingoni," akasema Tibbs, "labda utanisikia, dogo." Lakini baada ya mazoezi, bila kuamriwa na mtu, Tibbs mwenyewe aliwabakiza wapokeaji wenzake. Wakavua jezi, wakavaa fulana za kijivu zilizofanana, wakawa wanakimbia mbele ya Arceneaux mmoja mmoja, na yeye akitaja majina. Mwanzoni alibahatisha. Kisha akawa anawataja hata wakiwa mbali. Kisha akageuza kuwa mchezo, akiwaigiza mwendo wao mmoja mmoja, na Tibbs alipoigizwa alimfukuza uwanja mzima. Nilikuwepo. Nilimwona Szabo akitabasamu na papo hapo akikunja uso.

Mechi iliyofuata tulishindwa, lakini kwa heshima. Ile ya baada yake tulishinda. Halafu tukashindwa vibaya, na Arceneaux akiwa hana kosa hata moja. Halafu tukashinda mfululizo, na vijana wa mtaani wakaanza kutembea kama yeye.

Mwezi wa kumi na moja ikaja timu ya Spokane, na mrushaji wao alikuwa Brody Haugen. Walikuwa wamemchukua wiki chache baada ya sisi kumwacha. Siku hiyo theluji nyepesi ilikuwa ikianguka, ile isiyokaa chini, na vijana wale wawili wakarusha kwa zamu mechi nzima kama watu wanaojibizana. Haugen alikuwa vile vile, mguu mahali pake, mpira kwa mtu wake. Ila sasa mara moja moja alifanya kitu ambacho hakuna aliyemfundisha, akazunguka mlinzi, akarusha akiwa hewani, na benchi lao lote likaruka. Szabo aliona, akajiuliza kama kitu hicho kilikuwemo siku zote naye hakukiona, au kilizaliwa siku ile kijana alipoondoka bila jibu.

Tulishinda kwa mpira wa mwisho. Arceneaux aliurusha bila hata kuinua macho sawasawa, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na Tibbs akatokea hapo.

Baada ya kipenga Haugen alikuja kumpa Szabo mkono. Alikuwa ametapakaa tope hadi masikioni.

"Umecheza vizuri, mwanangu," akasema Szabo. "Lile swali lako la kiangazi. Nimelifikiria sana."

"Mimi niliacha kulifikiria, Kocha," akasema Haugen, bila kinyongo. "Ndipo nikaanza kucheza." Akaenda kumkumbatia Arceneaux, na wale wawili wakabaki katikati ya uwanja wakiongea na kucheka kwa muda mrefu. Szabo hakujua wanacheka nini.

Bi. Haddad alimkuta koridoni, koti limelowa, uso unang'aa. "Unaona? Tulichagua vizuri."

"Inawezekana tulichagua vizuri. Inawezekana wote wawili wangefaa. Inawezekana yule mwingine angefaa zaidi."

"Acha hayo. Waandishi wananingoja, watataka kujua ulimfanya nini huyu kijana. Niwaambie nini?"

"Waambie sijui."

Bi. Haddad alicheka, akampiga begani kwa upendo, akidhani ni maringo ya mtu anayeficha siri yake ya kazi, akapita kwenda kwa waandishi. Szabo alisimama pale kidogo, mikono mifukoni. Kutoka bafuni zilisikika sauti za wachezaji wakiimba vibaya, na ya Arceneaux ikiwa juu ya zote, nje kabisa ya wimbo. Akasikiliza hadi wimbo ulipokwisha, kisha akaenda kutafuta kahawa.